Tundu la Spika

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa fundi Mihayo, pale Kharumwa, kuazima msumeno mwembamba. Jigsoo yangu, msumeno wa umeme, ilikuwa imeungua mota, na boksi la spika nililokuwa natengeneza nyumbani lilikuwa limebaki bila tundu.

Kazi nyingine nilikuwa nimeimaliza. Nilichagua plaiwudi nene, si zile mbao za maranda zinazovimba zikipata unyevu. Pembe nilizipima kwa guni, kingo nikazipiga randa, kisha nikabana kila upande kwa klampu mpaka gundi ikashika. Boksi la spika halitaki haraka. Hewa ikipata upenyo kwenye kiungio, besi inakwaruza.

Lilikuwa la binti yangu, Nelly. Mama yake, Zipora, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Pumu ilimchukua wakati wa vumbi la Agosti. Sauti yake imebaki kwenye simu yangu, lakini Nelly hataki kuisikia humo.

"Simu inamfanya mama awe mdogo," aliniambia.

Mihayo hakuwepo. Mkewe, Bernadina, alikuwa anasonga ugali. Akanisalimu kwa Kisukuma.

"Ng'wadila, Mwalimu. Ingia karakana uchague mwenyewe. Misumeno ya kazi iko mezani. Ukipotea humo tutakutafuta asubuhi."

"Sitapotea, shemeji."

Ya mezani ilikuwa butu. Nilipitisha kidole kwenye meno ya kila mmoja. Nyuma ya mlango ulining'inia mwingine peke yake, umeviringishwa kitambaa. Nikaufungua. Bapa jembamba, limenyooka. Meno makali. Kutu hakuna.

Ulinuka udongo mbichi.

Nikachukua huo.

Nyumbani nilifunga penseli kwenye uzi, uzi kwenye msumari, nikachora mviringo. Nikatoboa kwa drili mahali pa kuanzia, nikaingiza msumeno. Ulikata kama unaoijua njia. Kipande cha mbao kikaangukia ndani ya boksi.

Sikusikia kikigonga chini.

Nilisubiri... Boksi lile halifiki gotini kwa kina. Nilisubiri...

Tap.

Mbali sana.

Nikajiambia nimechoka. Kabla ya kufunga spika huwa nakagua viungio kwa moshi, kwa hiyo nikawasha dawa ya mbu na kuipitisha polepole kwenye kingo. Moshi ulipanda wima. Viungio vilikuwa salama. Nikaisogeza mbele ya tundu.

Moshi ukaingia ndani.

Ukatoka.

Ukaingia tena...

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Pazia halikutikisika. Nikaweka kiganja karibu na tundu. Kikapata joto. Kikapoa. Kikapata joto.

"Baba." Nelly alikuwa amesimama mlangoni. "Nani huyo anahema?"

"Ni hewa tu."

Alipiga magoti, akaweka sikio. Akatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

"Ni mama," alinong'ona.

Nikasikiliza. Hakuwa Zipora. Nimelala kando ya pumzi yake maisha yote ya ndoa yetu. Kila ilipoisha ilitoa filimbi nyembamba, kama birika kabla halijachemka. Hii ilikuwa nzito, ya mwanamume, yenye vumbi kooni.

Sikumwambia.

Kesho yake jioni Mihayo alikuja mwenyewe. Hakutaka kiti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ule uliokuwa nyuma ya mlango, umekata nao kitu?"

"Tundu la spika."

"Ninyi wasomi. Meza nzima ina misumeno, wewe ukaenda kufungua sanda."

Alilitazama boksi, lakini hakulisogelea. Akashusha sauti.

"Shimo la dhahabu liliporomoka kule Mwakitolyo. Nikatoboa mbao za kuzuia udongo, kwa msumeno huo, ili waliofukiwa wapate hewa. Tukasikia mmoja anahema. Tukamwita, akaitika. Kisha tope likaanza kumwagika kwetu kupitia tundu lile lile. Wakasema tuzibe, la sivyo tunakufa wote."

"Mkaziba?"

"Alikuwa bado anahema, Mwalimu."

"Alikuwa nani?"

"Mgeni. Hakuna aliyejua jina lake." Akauchukua msumeno, akaufunga kwenye kitambaa chake. "Baadaye nilikata nao tundu la kitasa, mlango wa chumbani kwangu. Usiku huo huo nikauchoma mlango. Bernadina mpaka leo anajua uliliwa na mchwa. Wewe ziba leo. Usimwache awazoee."

Alipoondoka nilichukua spika, skrubu na gundi. Nelly alikuwa amekaa mbele ya boksi, midomo kwenye tundu.

"Unamwambia nini?"

"Mama amesahau, baba. Namkumbusha."

"Amesahau nini?"

"Anavyohema."

Akavuta pumzi, akaitoa polepole katikati ya meno. Mwishoni, filimbi nyembamba.

Nilimtuma akalale. Hakubisha. Nikapaka gundi kwenye ukingo wa tundu, nikainua spika. Ndani kulikuwa kimya. Kimya cha mtu aliyebana pumzi.

Kisha pumzi ikaja. Nzito... ikakwama... na mwishoni, filimbi.

Haikuwa sawasawa. Ilikuwa juu kidogo.

Ikarudia.

Sasa ilikuwa sawasawa.

Niliitua spika sakafuni. Nilijua si yeye, lakini nilikaa pale nikisikiliza, sijui kwa muda gani, mpaka niliposikia pumzi nyingine. Ilitoka chumbani. Nzito, ya kukwaruza, yenye vumbi kooni.

Nelly alikuwa amelala chali. Kifua chake kilipanda pale boksi lilipovuta, kikashuka pale lilipotoa.

Nikarudi kwenye boksi. Nikaziba tundu kwa kiganja.

Chumbani kukawa kimya.

"Nelly..."

Kimya.

Nikaondoa kiganja.

Alikohoa, akageuka upande, akaendelea kulala.

Gundi imekauka kwenye ukingo. Spika bado ipo sakafuni. Mihayo akipita huniuliza kama niliziba, nami humjibu kuwa niliziba zamani. Kila jioni nasogeza viti, nakunja pazia, naondoa chochote kinachoweza kuliangukia tundu lile.