Rula Haioni Mlima

Hapa shuleni hakuna anayezijua ndege kama mimi. Baba ni mlinzi wa kiwanja cha ndege, na mimi ndiye ninayefukuza mbuzi ndege inapotaka kutua. Nisipokuwepo, rubani anatua juu ya beberu. Darasani wananiita Propela, na si kwa sababu ya mbuzi.

Wiki ile mwalimu wa hesabu alituuliza: kutoka kiwanja kidogo kilichoko nyuma ya mlima hadi chetu, ndege huruka kwa muda gani? Atakayepatia, rubani atampandisha, aende na kurudi. Kile kiti nilikitaka kuliko chakula cha mchana. Nikalaza rula juu ya ramani, nikapata umbali, nikaugawanya kwa mwendo wa ndege.

"Dakika kumi na mbili!"

"Karibu nusu saa," akasema Kobe, mvulana anayeongea kama anayatafuta maneno mfukoni.

"Nusu saa? Inakuja kwa miguu?"

Darasa likaangua kicheko. Kobe akangoja kiishe. "Huwa inatokea upande wa mtoni. Sijawahi kuiona ikitokea mlimani. Basi nikapima kupitia huko."

"Wewe umepanda lini? Mimi nilishapanda. Pipi yenyewe haikuisha mdomoni, tukawa tumefika!"

Ijumaa tukajipanga kando ya kiwanja. Redio ya baba ikakoroma: ndege imeruka. Mwalimu akatazama saa. Dakika kumi na mbili zikapita, na angani kulikuwa na kunguru tu.

"Mwalimu, saa yako ina haraka," nikasema.

"Labda rubani anamalizia pipi," akasema Kobe.

Wakacheka tena, safari hii wakinitazama mimi. Ilipokaribia nusu saa, ndege ikatokea. Mtoni! Nikawatimua mbuzi kwa hasira, lakini kukubali? Thubutu! Rubani, mama mrefu mwenye miwani myeusi, hata hajafika chini nikamwahi.

"Shikamoo, Kapteni. Mbona umechelewa? Njia imenyooka!"

"Marahaba. Imenyooka kwenye karatasi. Ndege yangu ndogo, na kile kilele kina mawingu kila siku. Nauzunguka mlima, nafuata mto."

Mwalimu akanishika bega. "Kugawanya umegawanya vizuri, mwanangu. Ila ulipima njia ambayo hakuna anayeipita. Mwenzako alitumia macho, wewe ukatumia mdomo. Usichokijua, uliza, kuuliza hakumpunguzi mtu. Kobe, kiti ni chako."

"Lakini mimi nimepanda ndege hii hii!" nikapaza sauti. "Na siku ile hatukuzunguka mlima wowote! Muulizeni Kapteni!"

Wote wakamgeukia. Rubani akavua miwani.

"Ni kweli, hatukuzunguka mlima," akasema. "Nilipowasha injini ulipiga yowe, mbuzi wakajifukuza wenyewe. Baba yako akakushusha kabla hata gurudumu halijasogea. Na ile pipi niliyokupa uliiacha kwenye kiti. Nilikuja kuikalia mimi."