Nyekundu Katikati ya Blanketi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi moja: kufagia sebule. Sebule hiyo ndiyo iliyokuwa chumba cha kazi cha mama yake, kwa hiyo sakafu haikukosa nyuzi, unga wa chaki na vipande vya vitambaa. Kufagia hakukumsumbua. Kilichomtia adha ni kuokota. Akikuta uzi umejiviringisha na nywele za mtu, aliusukuma kwa kijiti mpaka nje, uso umekunjamana kama aliyelazimishwa kumeza dawa chungu. Akitumwa kuosha vyombo, alikamata sufuria kwa ncha za vidole viwili na kugeuza shingo pembeni. Ndiyo maana nyumbani walimbandika jina la Kinyaa, na jina lenyewe likamfuata mpaka darasani.

Jina hilo hakulichukia. Aliona kwamba mtu anayechukizwa na uchafu upesi lazima awe msafi kuliko wengine. Kaka yake, aliyekuwa kidato cha pili na aliyekula embe bila kulisuuza, Kinyaa alimwona mshenzi tu.

Jumamosi moja mama alimwita. Mama mdogo alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na baada ya kutoka hospitali angekuja kukaa kwao ili apate mtu wa kumsaidia. Mama alitaka kumshonea mtoto blanketi la viraka, yaani vipande vya mraba vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa na kutiwa bitana. Lakini kazi za wateja zilikuwa zimemfika kooni. Akasema yeye atashona tu. Rangi na mpangilio atachagua Kinyaa.

Kinyaa alijikaza asirukeruke. Mpaka siku hiyo alikuwa ameruhusiwa kushona vifungo na kuchomoa pini, basi. Sasa mtoto mchanga angelala juu ya kitu alichokipanga yeye, na watu wangekisifia.

"Usianze kucheka kabla hujanisikiliza," mama alisema, huku akipenga kamasi, maana mafua yalikuwa yamemkaba. "Vipande vyote vinafuliwa kwanza. Vyote. Na ile nyekundu niliyoinunua kwa yule mzee muuza vitambaa unailoweka peke yake, unaisuuza mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu mpya inachuja. Ngozi ya mtoto mchanga siyo ya kufanyia majaribio."

Vipande vilikuwa ndani ya gunia, kwenye kona ya stoo, nyuma ya mkaa. Kinyaa alifungua mdomo wa gunia na mara akauachia. Harufu ilimpiga usoni: kali, chachu, ya kitu kilichovunda kwa muda mrefu. Alijifunga kitambaa puani akachungulia tena. Panya walikuwa wamejitengenezea malazi humo ndani. Nyuzi zilitafunwa zikawa kama pamba chafu, na kila mahali palikuwa na vinyesi vyeusi vidogo kama punje. Kwenye kipande cha maua ya njano palikuwa na doa lililokauka likaacha ukingo wa kahawia. Kwenye kingine mayai ya mende yalikuwa yameganda kama yamebandikwa kwa gundi. Alipovuta kipande cha bluu, mguu wa mende ukabaki umening'inia kwenye uzi.

Alichukua koleo la mkaa, akavitoa vipande kimoja kimoja, mkono ameunyoosha kadiri alivyoweza. Vilivyotafunwa na vilivyokuwa na madoa au mayai alivitupa. Vilivyoonekana vizima alivikung'uta ukutani. Kisha akatazama beseni, akatazama sabuni, akafikiria kuingiza mikono yake kwenye maji yaliyoloweka mambo yale. Hakuweza. Badala yake alichukua chupa ya manukato ya mama, akavinyunyizia vipande vyote, akavipiga pasi moto kweli kweli. Mvuke wa kwanza ulinuka vibaya mno mpaka akatoka nje kuhema. Akarudi, akanyunyizia tena.

Jioni mama alimuuliza kama amevifua vyote. Kinyaa akajibu ndiyo. Mama akauliza kuhusu nyekundu. Kinyaa akajibu kwamba maji yalitoka meupe. Uongo wenyewe ulitoka laini, bila hata kukwaruza koo, na mama, ambaye kwa mafua yale asingenusa hata samaki aliyeoza, akaridhika.

Kesho yake walikata vipande kwa kufuata kigezo cha mraba kilichokatwa kwenye boksi, wakavitandaza kwenye mkeka. Hapo Kinyaa alisahau yote. Aliweka njano kando ya bluu, akatoa, akaweka kijani. Mama alimwonyesha namna ya kuukagua mpangilio: panda juu ya kigoda, finya macho mpaka maua na mistari ipotee, ubaki unaona rangi peke yake. Kipande kitakachokuja mbele kuliko wenzake, alisema, hicho kinapiga kelele, kihamishe. Tena vipande viwili vya nguo moja visikae jirani.

Kaka alipita na kikombe cha chai, akasimama. Akasema mpangilio ule unafanana na matapishi ya mtu aliyekula pipi za kila rangi. Kinyaa akamwambia matapishi anayajua yeye anayekula kama nguruwe.

Mwishowe alivichukua vipande vyekundu, akavipanga katikati vikawa kama ua kubwa, na kuvizungushia vyeupe. Mama alifinya macho. Alisema ua linapiga kelele. Katikati ndipo mtoto atakapolala, kwa hiyo yeye angeweka rangi zilizopoa, na nyekundu angeisogeza pembezoni. Kinyaa akashika msimamo wake kwamba nyekundu ndiyo roho ya blanketi. Mama akainua mabega. Alikuwa amempa kazi, hangeweza kumnyang'anya. Na kama nyekundu imeshasuuzwa, alisema, haina neno.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mwenye nywele kama brashi. Mama mdogo alipopewa blanketi alilikunjua, akalikunja, akalikunjua tena, akamwita kila mgeni aje kuliona. Aliwaambia kwamba binti wa dada yake ndiye aliyelipanga. Kinyaa alizunguka nyumbani kifua mbele.

Siku chache baadaye, mchana, alikuwa mezani akifanya hesabu aliposikia sauti ya mama mdogo kutoka chumbani. Haikuwa sauti ya kuita. Mama aliuacha mkasi ukaanguka. Walipoingia, mama mdogo alikuwa amemnyanyua mtoto mikononi. Mgongo wa mtoto, matako na mapaja yote yalikuwa mekundu, na matone mekundu yalikuwa yakidondoka kutoka visigino vyake. Mama mdogo alirudia neno moja tu, damu, damu.

Kaka alitumwa mbio kwa muuguzi, mama mmoja mnene aliyeishi ng'ambo ya barabara. Alifika na kandambili miguuni. Alichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akamfuta mtoto mguu mmoja, na chini ya wekundu ikatokea ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote ila vipele vidogo vidogo. Akaigeuza pamba, akaitazama. Kisha akaliinua blanketi lililolowa mkojo, akalisogeza puani, na papo hapo akalirudisha mbali na uso kama aliyeshika mzoga.

"Hii siyo damu, ni rangi," alisema. "Lakini kuna jambo baya zaidi. Kitambaa hiki kinanuka mkojo wa panya. Mkojo wa panya unabeba maradhi. Nani amemlaza mtoto mchanga juu ya uchafu huu?"

Manukato yalikuwa yameisha, na unyevu ulikuwa umeamsha kila kilichokuwa kimejificha chini yake. Sasa kila mtu alikinusa. Mama mdogo aliziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia dirishani. Mama alishika ukingo wa blanketi, na uso wake ukajaa aibu ya fundi ambaye kazi yake imetupwa mbele ya watu.

Muuguzi alimgeukia Kinyaa, ambaye alishasikia ndiye aliyelipanga, akauliza kama alivifua vipande kwanza. Mama akaingilia kati kabla hajamaliza.

"Binti yangu mwache, nesi. Huyu hata kijiko kikigusa meza anakiosha upya. Akisema kafua, kafua. Tatizo ni yule muuza vitambaa. Aliniapia nyekundu yake haichuji, na nani ajuaye ameihifadhi ghala gani. Leo atanieleza."

Alikuwa tayari ameshaanza kutafuta viatu vyake. Kinyaa alimtazama akiinama chini ya kitanda. Alimfahamu mama yake: angesimama katikati ya duka, mbele ya wateja, na kumvua nguo yule mzee kwa maneno kwa kosa asilolijua. Vilevile alihisi kichefuchefu kingine, ambacho hakikutoka kwenye blanketi. Kilikuwa ndani yake, na hapakuwa na koleo la kukishikia.

"Usiende, mama," alisema. "Sikufua. Hata kipande kimoja. Niliona kinyaa, nikavipulizia manukato yako."

Mama alisimama, kiatu kimoja mguuni. Kaka akafungua mdomo kutania, mama akamkazia macho, akaufunga.

Mama hakumpiga wala hakupandisha sauti. Muuguzi alipomaliza kumwogesha mtoto, akaacha dawa ya kupaka vipele na kuagiza apelekwe hospitali mara moja akipata homa, mama alimkabidhi Kinyaa blanketi lile, wembe, sabuni na beseni. Akamwambia alifumue mshono mmoja mmoja. Akampa mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi na kitambaa cha kufunga puani, kwa sababu kuogopa maradhi si kosa. Kosa ni kuyafunika.

Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai nzito, yakiwa na manyoya yanayoelea. Kinyaa alitapika mara moja, akasukutua, akarudi kwenye beseni. Maji ya pili yalikuwa ya kijivu. Alichemsha, akasugua, akamwaga, akachota mengine. Nyekundu aliitenga kwenye ndoo yake. Aliisuuza asubuhi, akaisuuza mchana, na bado maji yalitoka kama juisi. Mwishowe aliinua vipande vile alivyovipenda kuliko vyote, akavikamua, akamwambia mama kwamba nyekundu haifai kwa mtoto, ataiondoa.

Akatandaza upya. Katikati aliweka vipande vya shati kuukuu la kaka, lililofuliwa kwa miaka mpaka likawa laini kama pamba. Vyeupe vilivyokuwa vimenyonya wekundu vilibaki na rangi ya waridi iliyofifia. Alivichemsha tena, na maji yalipobaki meupe akavipanga kuzunguka vile vya shati. Nje kabisa akaweka kijani na bluu. Mama alipanda kigodani, akafinya macho kwa muda mrefu.

"Hakuna kinachopiga kelele," alisema. Akashuka, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akamvuta binti yake karibu. "Sasa nisikilize vizuri. Wewe ulidhani kwa kuwa unachukizwa haraka, wewe ni msafi. Kukunja pua hakujawahi kutakatisha hata leso. Usafi ni kazi ya mikono, na mara nyingi ni kazi inayonuka. Ukishindwa, sema umeshindwa, nitakusaidia. Lakini ukisema umefua na hujafua, mimi nashona uongo wako, mama yako mdogo anautandika, na mtoto asiyejua kusema ndiye anayelala juu yake."

Kinyaa aliitikia kwa kichwa. Mama akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona.

Blanketi lilipokamilika, mama mdogo hakulitandika moja kwa moja. Alilisogeza puani mbele ya wote, akanusa katikati, akanusa pembe moja hadi nyingine bila haraka. Kinyaa alisubiri amesimama na wala hakuona kwamba ameonewa. Ndipo mama mdogo akalitandika kitandani, akalinyoosha kwa kiganja, na kumlaza mtoto.