Meli Iliyopendeza Upande Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kibiriti alipiga pasi sare yake kwa mtindo aliobuni mwenyewe. Alinyoosha kola, akanyoosha kifua, kisha akairudisha pasi mahali pake. Mgongo aliuacha na mikunjo yake. Mama yake alipomuuliza, alijibu kwa adabu zote:

"Mama, watu husalimiana uso kwa uso. Mgongo haumwamkii mtu."

Kwa mtindo huohuo alifagia katikati ya uwanja, pembe akauachia upepo. Sufuria nazo alizisugua upande unaotazama mlango. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzimika, na ndiyo maana darasa zima lilimwita Kibiriti.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa binti wa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Huyo walimwita Kobe. Hakuwa mzito wa akili hata kidogo. Alikuwa tu mtu wa kutazama kitu mara tatu kabla ya kukigusa. Hata peremende aliisoma karatasi kwanza, mpaka mwisho, pamoja na anwani ya kiwanda.

Muhula ule mwalimu wa kazi za mikono alitangaza maonyesho. Wanafunzi wangefanya kazi wawili wawili, kila jozi itengeneze chombo kitakachoelea kwenye beseni mbele ya wazazi. Wengine walichagua mitumbwi ya kuchonga. Kibiriti aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema.

"Sisi tutajenga meli, mwalimu. Meli yenye mbavu."

Kobe, ambaye hakuwa ameulizwa, alimeza mate.

Bahati nzuri, shangazi yake Kibiriti alikuwa seremala. Karakana yake ilitoa milango na vitanda, na vitanda vyake vilisifika kwa kutopiga kelele hata vikilaliwa na mtu wa kilo mia. Aliwapa plaiwudi, kopo la gundi na fito nyembamba za mbao, kisha akawaonyesha meza ndogo iliyokuwa chini ya dirisha.

"Mtafanyia kazi hapa. Na likizo ikifika, nitamfundisha mmoja wenu useremala kwenye meza hii. Mmoja tu. Meza ni ndogo, na uvumilivu wangu pia ni mdogo."

"Mimi simo, shangazi," alisema Kibiriti. "Vumbi la mbao linanipigisha chafya."

Kobe aliitazama ile meza kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Shangazi aliwakatia mkuku, ule ubao mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa meli, akawasaidia kusimamisha mbavu tisa juu yake.

"Sasa fito ndizo ngozi," alieleza. "Unauloweka ufito kwenye maji ya moto, unaukunja polepole, unaupaka gundi, unaubana. Na hapa mnisikilize vizuri. Ukiweka ufito mmoja kushoto, unaofuata unakwenda kulia. Mmoja huku, mmoja kule, mpaka mwisho. Ufito ukikauka huvuta. Zikivuta za upande mmoja peke yake..." Akaupinda mkono wake. "Mtakuwa mmejenga ndizi."

Walicheka sana. Kibiriti alicheka kuliko wote.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda sawa. Kobe alikunja fito kwa kuzizungushia kwenye chupa, moja baada ya nyingine, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo. Kibiriti alizigundisha na kuzibana kwa vibanio vya nguo alivyovikopa kwenye kamba ya mama yake bila kumsumbua kwa kumwarifu. Mmoja huku, mmoja kule.

Jumatatu ya wiki ya pili Kobe alishikwa na homa. Alikwisha kuzikunja fito zote zilizobaki, akazifunga mafungu mawili na kuandika juu yake kwa penseli: *kushoto*, *kulia*. Siku iliyofuata, mwalimu alimwambia Kibiriti kwamba kesho yake angepita karakana kuona maendeleo.

Alasiri ile Kibiriti aliitazama meli. Fito nne huku, nne kule, na mbavu zikichungulia juu. Ilifanana na kuku aliyenyonyolewa nusu. Je, mwalimu aje aone kuku? Shangazi alikuwa amekwenda kufunga milango kwenye nyumba mpya. Hakukuwa na mtu wa kumzuia isipokuwa Kibiriti mwenyewe, na huyo alikuwa upande wake.

Aliugundisha upande wote wa kushoto. Fungu zima. Lilipokwisha alirudi nyuma hatua mbili, akaona kwamba meli inapendeza mno.

Mwalimu alipokuja naye aliona hivyohivyo. "Hii ni kazi ya fundi!" alisema. Kibiriti alisimama kwa namna ambayo mwalimu hakuweza kuzunguka meza.

Kufikia Alhamisi, fito zilikuwa zimekauka. Kibiriti alipoingia karakana aliganda mlangoni. Mkuku ulikuwa umejipinda. Kutoka puani mpaka mkiani, meli ilielekea kushoto kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Angeweza kumwita shangazi, aliyekuwa nje akipiga randa, umbali wa hatua kumi. Alifikiri kumwita. Kisha akakumbuka ndizi na jinsi alivyocheka. Akaufunga mlango taratibu, akazilazimisha fito za kulia zikae, zitake zisitake. Palipobaki nyufa alikoroga unga wa mbao na gundi, akaziba. Akapiga msasa. Akapaka rangi ya buluu, mara mbili, tena mara ya tatu.

Ijumaa Kobe alirudi, mashavu yamebonyea kwa homa. Aliitazama meli mara tatu, kama kawaida yake.

"Umemaliza peke yako?"

"Nimekuhurumia."

Kobe alipitisha kidole chini ya mkuku. "Mbona kama imepinda kidogo?"

"Macho yako ndiyo yana homa," alisema Kibiriti.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa wazazi. Beseni kubwa liliwekwa juu ya madawati mawili. Mitumbwi ilipita mmoja baada ya mwingine, mingine ikiyumba, yote ikifika ng'ambo. Hatimaye ikaitwa meli ya buluu, na watu wakapiga makofi kabla hata haijagusa maji.

Kibiriti aliisukuma. Meli ilikwenda mbele kidogo, ikakata kushoto, ikazunguka. Ikazunguka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nahodha amelewa!" alipiga kelele mtoto mmoja.

"Amesahau pochi nyumbani, anarudi kuichukua!" alidakia mwingine.

Kisha rangi ilianza kubanduka. Viraka vya unga wa mbao vililainika na kutoka, maji yakaingia, na mbele ya wazazi, walimu na mkuu wa shule, meli ilizama polepole, kwa heshima zote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na hapa kilio kilikuwa kicheko cha watu mia mbili.

"Imekuwaje?" aliuliza mwalimu.

Masikio ya Kibiriti yalikuwa ya moto. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma.

"Fito alizikunja Kobe, mwalimu."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Kobe ndiye aliyezikunja. Kibiriti hakuwa ametamka hata neno moja la uongo, na bado alitamani uwanja upasuke umfiche.

Shangazi, aliyekuwa amesimama katikati ya wazazi, alimtazama Kobe.

"Kukunja mbao kunataka utulivu, mwanangu," alisema, si kwa ukali. "Ile meza tutaizungumza likizo nyingine."

Kobe aliitikia kwa kichwa. Aliitoa meli majini, akaikausha kwa pindo la sketi yake, akaibeba. Walipofika njiani, mbali na watu, alisimama.

"Nisamehe, Kibiriti. Labda homa ilikuwa imeanza, sikuziloweka vya kutosha. Nimekuaibisha mbele ya watu."

Kama Kobe angemtukana, Kibiriti angejua la kujibu. Matusi alikuwa nayo ya akiba. Lakini kwa samahani alisema tu, "Si kitu," kisha akaomba abaki na meli.

Jumapili hakula. Mama yake alimgusa paji la uso akidhani naye amepata homa. Kila alipokaa aliiona meli pale kwenye kabati, imekunja shingo, ikimtazama. Akaigeuzia ukutani. Hapo akaona ule upande mzuri, wa kushoto, na huo ndio uliomchoma zaidi.

Jumatatu baada ya masomo alikwenda karakana akiwa ameibeba. Shangazi alikuwa akipima mlango.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na marehemu?"

Kibiriti hakucheka. "Si Kobe. Ni mimi. Nilimaliza kushoto kwanza. Fungu zima. Nilitaka mwalimu aone upande mzuri. Ilipopinda nikaziba nyufa, nikapaka rangi. Kobe alipouliza nikamwambia macho yake yana homa." Alivuta pumzi. "Na yeye ndiye aliyeniomba msamaha."

Shangazi aliichukua meli, akafumba jicho moja, akautazama mkuku kutoka puani mpaka mkiani. Kisha akakwangua rangi kwa ukucha na kuutazama ufito mmoja.

"Umekunjwa vizuri," alisema taratibu. "Vizuri sana. Na mimi, miaka yote hii katika kazi, nimemhukumu mtoto wa watu bila hata kukishika chombo." Akavua aproni yake. "Twende. Tuna aibu mbili za kupeleka."

Walimkuta Kobe akimsaidia mama yake kushona vifungo. Kibiriti alisema yote, mbele ya fundi cherehani na wateja wawili waliojifanya wanachagua vitambaa. Hakuacha kitu, hata vibanio vya kamba.

Kobe alimtazama mara moja. Akamtazama mara ya pili.

"Nilikaa usiku mzima nikihesabu kosa langu liko wapi," alisema.

"Najua."

"Hujui."

Kibiriti aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli, hakujua. Kobe akamtazama mara ya tatu, ndipo akasema, "Kesho mwambie na mwalimu. Mbele ya darasa. Halafu tubandue."

Alimwambia mwalimu mbele ya darasa. Walicheka, na aliwaacha wacheke. Kisha alasiri tatu mfululizo walilainisha gundi kwa maji ya moto, wakabandua ufito baada ya ufito. Mkuku uliloweshwa na kubanwa katikati ya mbao mbili nene, juu yake shangazi akaweka mlango mzima. Ulikaa hapo wiki nzima mpaka ukanyooka. Wakaanza upya: mmoja huku, mmoja kule. Kibiriti alipotaka kuongeza wa pili upande uleule, Kobe alikohoa tu.

Siku ya kuijaribu hapakuwa na wazazi wala makofi. Walikuwepo mwalimu, shangazi na ndoo ya kufulia. Meli ilivuka ikiwa imenyooka, ikagonga ukingo wa pili, ikatulia.

Shangazi alimgeukia Kibiriti. "Siku ile shuleni hukusema uongo. Ulisema ukweli wa upande mmoja. Ukweli wa namna hiyo, mwanangu, ni kama fito za upande mmoja: unapendeza siku ya kwanza, kisha unavuta kila kitu mpaka kipinde, na anayezama ni mwenzako. Ukikosea, sema mapema, gundi ikiwa bado mbichi."

Likizo ilipofika, meza ya dirishani ilikuwa ya Kobe. Kibiriti alikwenda kila Jumamosi, akipiga chafya, kufagia karakana. Alifagia mpaka pembeni.

Na muhula ulipofunguliwa, mama yake alimkuta amesimama kwenye meza ya pasi, sare imelala kifudifudi.

"Leo kuna nini?" aliuliza mama.

"Hakuna kitu, mama," alisema Kibiriti akinyoosha mgongo wa sare. "Ila Kobe anakaa dawati la nyuma yangu."