Simjui Huyo Mama

"Simama hapo hapo, mama. Tua mzigo."

Mama wa watu akatua kuni zake bila ubishi. Yalikuwa matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, lakini ndani ya hifadhi hata jani likianguka ni mali ya hifadhi. Askari kijana akampeleka getini, akamketisha chini na mzigo mbele yake. Ndiyo desturi ya pale: ukikamatwa unakaa kando ya barabara wapita njia wakuone, mpaka ndugu yako aje kukuchukua. Wakubwa wanaamini aibu inalinda msitu kuliko waya.

"Una nani wa kumpigia?"

"Nina binti yangu, fundi cherehani. Namba yake ninayo kichwani."

Akaitaja. Askari akabonyeza, na kioo cha simu kikaandika jina alilolihifadhi mwenyewe: Ubavu Wangu.

Mpenzi wake alimwambia anakaa kwenye nyumba za ghorofa, upande wa lami, na huko ndiko alikomshusha na pikipiki kila walipotoka. Huu mtaa wa mabati uliobanana na uzio wa hifadhi, wanakotoka waokota kuni, alidai anausikia tu kwa watu. Kumbe! Na simu za getini hupigwa kwa spika, aliyekamatwa asikie.

"Mpenzi," sauti laini ikaitika. "Leo umenikumbuka mapema."

"Nina mama hapa getini, amekamatwa na kuni. Anasema wewe ni mwanawe."

Cherehani iliyokuwa ikilia nyuma yake ikanyamaza.

"Simjui huyo mama. Atakuwa amekosea namba."

Simu ikakatwa. Askari hakujua atazame wapi. Mama alikuwa amelisikia lile neno "mpenzi" na ameshaelewa kila kitu. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nimekosea namba, baba. Ndio uzee huu."

"Mama, hujakosea. Namba hiyo naijua kuliko yangu."

"Basi mimi sina mtu."

Askari akavua kofia. Aliyemketisha mavumbini ni mkwe wake mtarajiwa, na wapita njia walishamcheka mpaka wakachoka. Akakimbia ndani kuleta kiti. Mama akakikataa, akasema sheria haina mkwe.

Ujumbe ukaingia: "Niliogopa utaniacha ukijua nakaa kwenye mabati. Nakuja."

Akajibu: "Mimi sikuachi. Ila uliyemkana si mimi."

Binti alifika anahema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akapiga magoti mbele ya kadamnasi.

"Mama, nisamehe. Ulimi uliniteleza."

Mama hakumtazama.

"Jiji linasema mtaa wetu si wake. Wilaya nayo inasema si wake. Maji hatuletewi, taka hatuzolewi. Kukanwa tumeshazoea, mwanangu. Ila nilidhani kunaishia mlangoni kwangu."

Askari alisimama pembeni, kofia mkononi, akijilaumu kwamba mwaka mzima wa mapenzi hakuwahi kuomba kufika nyumbani kwa binti hata kwa maji ya kunywa.

Mkuu wa zamu akatoka ofisini, hana habari na lolote. Akauliza swali lake la siku zote, maana pale hakuna anayekabidhiwa kwa mtu asiyemtambua.

"Mama, unamjua huyu binti?"

Binti akainamisha kichwa. Jibu alilostahili alilijua, na hakuwa na pa kulikwepea.

"Ni mwanangu," mama akasema kwa sauti ya kusikika. "Nimemzaa mimi."

Kisha akamgeukia askari.

"Na wewe, kama unamtaka kweli, njoo kwetu ukamwombe. Nyumba ya pili kutoka kwenye uzio."

Binti akaangua kilio palepale chini. Angekanwa mbele za watu, asingeona aibu kiasi kile.