Shubiri Moja ya Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Phulmaya alibeba kikapu cha samadi mgongoni, mkanda wake ukimkaza kwenye paji la uso, akateremka hadi shambani kwao. Mashamba ya kijiji hicho yalikatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na kila ngazi ilizuiwa na ukuta wa udongo. Sheria ilijulikana na wote: ukuta ni mali ya mwenye shamba la juu. Wa chini huruhusiwa kuparua magugu yake, basi.

Asubuhi hiyo Jitman, baba yake, hakuwa akiparua. Alikuwa akichimba, ili shamba lake lizidi upana.

"Baba, mbona unaula ukuta wa Bibi Suntali?"

"Nani anakula? Naunyoa tu, kama kinyozi."

"Kinyozi gani anayeondoka na sikio?"

"Ziba mdomo, umwage samadi!"

Suntali alikuwa mjane, na shamba hilo la juu ndilo pekee lililompa mpunga. Siku tatu baadaye aliona ufa mrefu ukingoni mwake. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Zikiukuta ufa huo, shamba lote lingeporomoka. Alimwita mwenyekiti wa kijiji, na majirani wakafuata.

"Ukuta huu umesimama hapa tangu enzi za babu yangu," Jitman alisema bila haya. "Shangazi, shamba lako linasinyaa kwa uzee, kama mwenyewe."

Baadhi ya watu walicheka.

"Na kama umechimbwa kidogo," Jitman aliongeza, "basi ni huyu mtoto wangu. Akishika jembe hajui kuacha."

Phulmaya alihisi damu ikimpanda kichwani. Kumwibia mjane udongo, kumcheka, kisha kumtwika mwanao wizi huo! Alitua kikapu chake chini kwa kishindo.

"Mimi sikuchimba! Tazameni mabua ya mpunga wa mwaka jana. Mstari wa mwisho tuliupanda ukigusa ukuta. Niliupanda kwa mikono yangu. Leo kati ya mabua na ukuta pana shubiri nzima ya udongo mwekundu, usio na hata bua moja. Ukuta umerudi nyuma kwa miguu yake?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti aliinama, akapima kwa kiganja chake.

"Jitman, yajibu mabua."

Jitman aliyatazama mabua. "Ni mimi," alisema. "Mtoto hana kosa."

Kwa siku sita alibeba mawe kutoka mtoni, akaujenga ukuta upya pale ulipokuwa. Phulmaya alimsaidia, ingawa siku mbili za mwanzo hakumsemesha. Mvua zilipokuja, zilibomoa kuta kadhaa mlimani, lakini huo haukutikisika.

Mvua ilipokatika, Suntali alisimama ukingoni mwa shamba lake, akawaita wote wawili.

"Jitman, ukuta huu ungeanguka, ungeangukia wapi? Juu ya mpunga wako! Anayechimba chini ya jirani yake huchimba juu ya kichwa chake mwenyewe. Nawe Phulmaya, heshima kwa mzazi haimaanishi kumsaidia kudanganya. Siku ile hukumwaibisha baba yako. Ulimzuia asizidi kujiaibisha."