Sala Ndefu ya Mheshimiwa Milcah

Mheshimiwa Milcah mwenyewe alinieleza haya Jumapili iliyopita, tukimenya viazi kwangu Mau Narok.

Risasi ilipasua kioo cha nyuma cha Prado.

Jepkosgei, jasusi wa serikali, hakugeuka. Alikanyaga mafuta, akapita kijiji cha Kamere mbio, akaacha gari nje, akaruka ukuta wa hoteli ambamo wawakilishi wadi wa Nakuru walikuwa wanakutana.

Redio ikakoroma sikioni. Mkubwa wake.

"Umefika?"

"Nimefika. Walionifyatulia risasi ni watu wa Dekker, yule mzungu wa kampuni. Amepenyeza kifungu kwa mswada. Chemchemi za Mau zinakuwa zake. Waheshimiwa wamepewa karatasi mlangoni, kura ni sasa hivi."

"Wameisoma?"

"Wataisoma saa ngapi, mkubwa?"

"Basi watafutie muda. Bila risasi."

Muda! Autoe wapi? Mamake kule Olenguruone hana maji mengine ila hayo.

Alinyakua aproni jikoni, akaingia ukumbini na birika. Spika alikuwa anamwita Milcah afungue kikao kwa maombi.

Jepkosgei akammiminia chai. Akanong'ona.

"Mama, omba mpaka wamalize kusoma. Kifungu cha maji kiko ukurasa wa tisa."

Milcah akasimama.

"Tuinamishe vichwa. Bwana, tufunulie yaliyo magotini mwetu, hasa ukurasa wa tisa!"

Karatasi zikaanza kufunguka magotini, polepole. Milcah akaombea ngano. Akaombea ng'ombe, wajane, barabara ya Mau.

Dekker alitoka jasho. Lakini nani hukata maombi Nakuru? Hata mwizi husubiri amina.

Akamkonyeza mlinzi wake. Mapazia yalikuwa mazito. Taa zikizimwa, hakuna kusoma. Mlinzi akanyemelea swichi.

Bastola ya Jepkosgei ikamgusa mbavu.

"Boss, rudi uombewe."

Mara sauti ya Milcah ikakauka. Kikohozi.

"Amina!" Dekker akadakia.

"Amina gani?" Mheshimiwa Ubaid wa mjini alikuwa amesimama. "Na sisi Waislamu hatuombi?"

Akaanza dua. Taratibu kabisa.

Alipomaliza, Jerop wa Olenguruone aliruka juu.

"Bwana Spika! Yaani tuuze maji tunayokunywa?"

Ukumbi ukalipuka. Spika akaahirisha kura mwezi mzima, kila mtu aende na mswada nyumbani. Dekker na mlinzi wake wakapokelewa nje na polisi wenye pingu.

Jepkosgei alitundika aproni, akatembea zake polepole hadi kwa gari. Milcah, aliyekuwa ameomba lifti ya kurudi nyumbani, alikuwa ameshaingia, anakoroma kiti cha mbele.

"Ripoti," redio ikasema.

"Wanasoma, mkubwa."

Akaizima, akalaza kiti, akalala.