Shahidi Asiyetafsiriwa

Shahidi wa mwisho wa mlalamikaji, mwanamke fulani, alipomaliza kusema na kuteremka kizimbani, Laurensia alimgeukia Anatory, karani ambaye pia alikuwa mkalimani wa mahakama. Alimkuta amekaa na mikono mapajani, mdomo umefungwa. Hakuwa ametafsiri hata neno moja.

Hilo lilimshangaza. Hakimu alikuwa Mgogo, amehamishiwa Karagwe mwaka uleule wa 1987, na Kinyambo, lugha ya wenyeji, hakukijua hata salamu. Kila mwanakijiji asiyejua Kiswahili vizuri aliposimama kutoa ushahidi katika mahakama ya mwanzo ya Rwabikere, Anatory alisimama kando yake. Leo hakuna aliyemwita, naye hakuinuka.

Sasa yule mwanamke alikuwa amesema kwa lugha gani? Laurensia alijiuliza. Alikuwa amesema Kihaya, tena kile cha mama yake Laurensia, aliyezikwa zamani huko Kamachumu. Na kwa Kihaya hicho, bila kupandisha sauti, alikuwa ametamka hivi: "Ng'ombe wa Protase alichinjwa na Mutalemwa."

Mutalemwa alikuwa mume wa Laurensia.

Aliinamisha kichwa akisubiri ukumbi wote umgeukie. Alikuwa mmoja wa wazee wawili wa baraza wanaokaa na hakimu na kupiga naye kura, na sasa mumewe ametajwa mbele ya watu. Lakini hakuna aliyemtazama. Watu walimtazama Fidele tu, pale kizimbani kwa washtakiwa.

Fidele alikuwa kibarua wa migombani ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Rwanda. Protase, tajiri wa ng'ombe, alikuta jike lake lenye mimba limechinjwa bondeni, nyama ya mapaja imeondolewa. Vijana wakamkamata Fidele kwa kuwa alionekana akipita njia ya mtoni. Hakukutwa na nyama wala kisu, lakini alikuwa mtu wa kuja, anaishi peke yake pembeni mwa kijiji, na kwa wengi hilo lilitosha. Akitiwa hatiani angeozea jela, maana sheria ya wizi wa mifugo haikuwa na mchezo.

"Jumatatu tutamsikiliza mshtakiwa na kutoa hukumu," alisema hakimu, akaahirisha kesi.

Walipoingia kwenye chumba chake, alivua miwani akaonekana mtu aliyeridhika. "Huyu mama ametumalizia kazi. Amemwona Fidele kwa macho yake."

"Fidele?" Laurensia aliuliza.

"Kwani wewe umesikia nani?"

Laurensia aligeuka kumtafuta mwenzake. Mzee mwenzake wa baraza, Polikarpi, alikuwa ameelekeza uso dirishani, shingo imelowa jasho ingawa ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka milimani. "Amesema kweli," Polikarpi alinong'ona. "Kweli tupu." Akachukua kofia yake akatoka bila kuaga.

Nje, Laurensia alimvuta Anatory pembeni. "Yule shahidi ni nani?"

"Si wa Protase, mama?"

Wakamwendea Protase. "Mimi?" alisema Protase. "Nilidhani ninyi ndio mliomwita."

"Ulimwapisha?" Laurensia akamuuliza karani.

Anatory alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo uso ulivyozidi kumshuka. "Nakumbuka nimeishika Biblia," alisema polepole. "Mkono wake siukumbuki."

Waliporudi ukumbini kutazama, kizimba cha mashahidi kilikuwa kinanuka ngozi mbichi, ngozi iliyochunwa sasa hivi na kuwekwa karibu na moshi.

Harufu ile Laurensia aliikuta tena nyumbani kwake. Mutalemwa alikuwa uani ananoa panga, kama alivyonoa siku zote kabla ya kupogolea migomba, akamsalimia mkewe kwa uchangamfu. "Karibu, Mama Verdiana. Leo mmemfunga nani?"

"Bado."

"Basi yule Fidele muoneeni huruma. Hakuna aliyemwona."

Kwa nini anamtetea? Jana swali hilo lisingemjia. Leo lilimjia na kukaa. Alimtazama mume wake anavyokula matoke, anavyotafuna, akajiuliza siku ile ya ng'ombe alirudi saa ngapi, na mbona alifua shati lake mwenyewe. Mutalemwa alipokwenda kisimani, alilichukua lile panga akalinusa. Lilinuka chuma. Akalinusa tena, safari hii karibu na mpini, na akaona, au alidhani ameona, kwamba linanuka ngozi.

Jioni ya siku iliyofuata, jua likiwa limegusa milima na kuku wameanza kuingia ndani, sauti iliita kutoka migombani. Iliita kama mahakama inavyoita, kwa ukakamavu na kwa kuvuta jina: "Mutalemwa! Mutalemwa! Mutalemwa!" Mara tatu, kisha kimya.

"Naam!" Mutalemwa aliitikia, akasimama.

"Usiende," Laurensia alimnong'oneza.

"Mtu ananiita."

"Nani? Sauti ya nani hiyo?"

Mutalemwa alimgeukia. "Ni yako," alisema. "Nimesikia wewe unaniita."

Laurensia akamshika mkono, na wakiwa wamesimama hivyo mlangoni, giza likitambaa kutoka bondeni na kupanda shina hadi shina, walisikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa taratibu na mtu asiye na haraka, mtu aliyekuja hadi nyuma ya jiko, akasimama, akavuta pumzi ndefu kama anayejiandaa kuapa, na harufu ya ngozi ikaingia kupitia nyufa za ukuta mpaka binti yao Verdiana akaziba pua na kuanza kulia. Laurensia aliogopa kilichokuwa nje. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba hata pale alipomshika mume wake kwa nguvu, alikuwa anamchunguza vidole.

Asubuhi alikwenda kwa Polikarpi. Alimkuta amekaa kizingitini, macho mekundu, na mwanawe Anastazi amefungiwa ndani kwa kufuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Yule mwanamke alikutajia nani?"

Polikarpi alilitazama lile kufuli. "Mwanangu," alisema mwishowe. "Kwa Kinyambo. Alisema ni Anastazi, na alivyosema, mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kumshuku. Na wewe?"

"Mume wangu."

Polikarpi alifungua kufuli, na wote wawili wakashika njia ya Bugene kwenda kwa Nyirabahire, mwanamke mzee aliyejulikana kwa kutoa pepo, ingawa watu wa kanisani walimwendea kwa kujificha.

Nyirabahire aliwasikiliza huku akichambua maharage. Hakudai sadaka wala kuku. "Hilo ni jini la zamani," alisema. "Haliingii nyumba ya watu wanaoaminiana. Mlikuwa mmekwisha kutazamana kwa jicho la pembeni kabla halijafika. Lenyewe limewapa majina tu."

"Tupe dawa, mama," Polikarpi alisihi.

"Dawa ya nini? Limesimama mbele ya serikali, watu wakakaa kimya wakalisikiliza. Mmelipatia kiti. Mimi siwezi kulitoa kwenye kiti nisichokijua. Niambieni, lilipomaliza kusema, ni nani aliyelijibu?"

Laurensia alikumbuka desturi ya mahakama. Miaka yote aliyokaa barazani, kila shahidi alipomaliza, hakimu alimgeukia mshtakiwa na kuuliza: una swali kwa shahidi huyu? Sheria ilitaka hivyo. Lakini siku ile hakimu hakuuliza, na hakuna aliyemkumbusha.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyeliuliza kitu."

"Basi liulizwe," alisema Nyirabahire. "Na kabla ya kuulizwa, kila mmoja alitapike jina alilopewa. Hadharani. Mkibaki nalo tumboni, jini linabaki."

Jumatatu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mutalemwa alikaa benchi la nyuma. Hakimu alipotaka kuanza, Laurensia alisimama.

"Mheshimiwa, shahidi wa mwisho hakuulizwa maswali na mshtakiwa. Aitwe tena. Na kabla hajaitwa, nina la kusema." Akageukia watu. "Mimi sikumsikia akimtaja Fidele. Nilimsikia akimtaja Mutalemwa, mume wangu."

Watu waliguna. Laurensia hakutazama benchi la nyuma. Polikarpi akasimama akamtaja mwanawe, sauti ikimkatika. Kisha Protase, yule mlalamikaji mwenyewe, akainuka akiwa kama mgonjwa na kusema alimsikia akimtaja ndugu yake wa tumbo moja. Mwanamke mmoja dirishani akalia kwamba yeye alitajiwa jirani yake. Hakimu alivua miwani. "Mimi," alisema, "nilimsikia kwa Kigogo." Akapangusa uso. "Karani, mwite shahidi."

Anatory alikwenda mlangoni akaita mara tatu. Barabara ilikuwa tupu. Lakini walipogeuka, kizimba cha mashahidi hakikuwa kitupu: mwanamke alikuwa amesimama pale, amejitanda kitenge cha rangi ya udongo, na kila aliyemtazama usoni alisahau uso ule papo hapo alipopepesa macho.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "una swali kwa shahidi huyu?"

Fidele alishika ukingo wa kizimba chake. "Ninalo," alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaika. "Mama, mimi ulinitajia marehemu mke wangu. Speciose hakuwahi kuiba hata ndizi. Sasa nieleze. Ng'ombe alikuwa rangi gani?"

Mwanamke alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Aliangukia upande gani? Ulikuwa umesimama wapi?"

Mdomo ulibaki wazi, ukazidi kuwa wazi kuliko mdomo wa mtu unavyoweza, na kutoka ndani yake zikaanza kumwagika sauti za watu wa ukumbini wenyewe, Kinyambo na Kihaya na Kinyarwanda na Kigogo, zote kwa pamoja, majina juu ya majina, mpaka watu wakaziba masikio na mbao za kizimba zikaanza kulia kama zinapasuliwa, lakini Fidele hakuacha, aliendelea kuuliza, ulimwona nani, kwa mwanga gani, jina lako nani, nani amekuleta, na kwa kila swali sauti moja ilizimika, mpaka ikabaki pumzi, kisha pumzi nayo ikakatika. Kitenge kilianguka sakafuni. Ndani yake hapakuwa na mtu.

Fidele aliachiwa siku ileile kwa kura zote tatu. Aliyemchinja ng'ombe hakujulikana, na Protase hakumtafuta tena.

Laurensia na Mutalemwa walirudi nyumbani wakifuatana, mume mbele, mke nyuma. Walikula, Verdiana akaenda kulala.

"Siku zote hizi," alisema Mutalemwa, "ulikuwa unaninusa."

"Ndiyo, Baba Verdiana. Nisamehe. Lilikuwa lile jini."

"Limeondoka?"

"Limeondoka. Umeliona mwenyewe."

"Na sasa unaamini si mimi?"

Laurensia alitaka kujibu palepale. Neno lilikuwepo, fupi na jepesi, lakini lilichelewa kutoka, na wote wawili walisikia lilivyochelewa. Mutalemwa aliinuka bila hasira, akachukua taa, akasema anakwenda kufunga zizi la mbuzi. Laurensia alibaki gizani, akajikuta ameacha hata kupumua, anasikiliza nyayo zake zinaelekea wapi.